Adam Goodes walimzomea mpaka akaacha mpira: tukichambue hiki kisa vizuri

Mwishoni mwa Julai 2015 mchezaji mmoja wa Sydney Swans, timu ya mpira wa Kiaustralia, mwenye miaka 35 aliomba asicheze mechi ya wikendi. Hakuwa na jeraha, hakuwa na adhabu, wala hakuwa amegombana na kocha. Alikuwa amechoka kuzomewa. Na msidhani ni mchezaji wa kubahatisha, huyu ana medali mbili za Brownlow za mchezaji bora wa msimu, ubingwa mara mbili, mechi zaidi ya 360, na mwaka uliotangulia nchi yake ilimpa tuzo ya Mwaustralia wa Mwaka. Jina lake Adam Goodes, na ni Muaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia.

Watu wengi wakisimulia hiki kisa wanasema mashabiki wa kule ni wabaguzi, wanafunga mjadala. Ubaguzi ulikuwepo ndiyo, ila mi naona ukiishia hapo hujaelewa kitu. AFL, yaani ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, walikuwa na kanuni ya kuzuia matusi ya rangi tangu 1995, walikuwa na raundi maalum kila msimu ya kuwaenzi wachezaji wenyeji asilia, walikuwa na kampeni na jezi zenye michoro ya Kiaborijini, na bado mmoja wa wachezaji wao wakubwa kuliko wote akazomewa uwanja baada ya uwanja mbele ya kamera na hakuna kilichomkinga. Kwa nini? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kanuni ile ilitengenezwa ikamate neno moja lililotoka mdomo wa mtu mmoja, na kuzomea hakuna neno ndani yake wala hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole.

Kwa asiyeujua huu mchezo, sio soka na sio raga. Uwanja una umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, hakuna ofsaidi, wanacheza robo nne. Kila upande kuna milingoti minne, ukipiga teke mpira ukapita kati ya ile miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1. Mpira unashikwa kwa mikono, unapigwa teke, au unaugonga kwa ngumi kumpa mwenzako, ila kuurusha hairuhusiwi. Uhondo wake uko kwenye kudaka hewani, watu wanapaa juu ya mabega ya wenzao kabisa. Na hiyo Brownlow ninayoitaja ndo tuzo kubwa ya mchezaji bora wa msimu, kura zinapigwa na marefa wenyewe kila baada ya mechi, wanagawa 3, 2 na 1.

Goodes alizaliwa Januari 1980 huko Wallaroo, mji mdogo wa pwani South Australia. Baba mzungu, mama Muaborijini wa watu wa Adnyamathanha na Narungga. Sasa mama yake ni mmoja wa wale wanaoitwa kizazi kilichoibwa, watoto wa Kiaborijini ambao serikali na makanisa waliwachukua kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao wakalelewa na wazungu au kwenye makituo ili wasahau kwao, mambo ambayo yaliendelea mpaka miaka ya 1970. Bunge la Australia lilikuja kuomba radhi rasmi Februari 2008, Kevin Rudd akiwa waziri mkuu. Ukijua hilo utaelewa kwa nini Goodes alikua bila kujua mengi ya asili yake, mama mwenyewe alinyang'anywa, angemfundisha nini?

Wazazi wakaachana yeye akiwa mdogo, mama akalea wavulana watatu huku wanahama hama, na kinachofurahisha ni kwamba utotoni Adam alikuwa mtu wa soka kabisa. Huu mpira wa Kiaustralia aliuanza vizuri walipohamia Horsham, mji wa ndani ndani huko Victoria, akapanda haraka mpaka timu ya vijana ya North Ballarat Rebels, na kwenye drafti ya 1997 Sydney Swans wakamchukua akiwa namba 43. Drafti ni ule mfumo wa timu kuchagua vijana kwa zamu, kwa hiyo namba 43 maana yake vijana 42 walitajwa kabla yake na klabu zikaona ni bora kuliko yeye.

Mwaka wa kwanza hakugusa kikosi cha kwanza. 1999 akaingia na akabeba tuzo ya chipukizi bora hapohapo. 2003 Brownlow ya kwanza, walilingana kura watatu, yeye, Nathan Buckley na Mark Ricciuto, kila mmoja akapewa yake. 2005 Swans wakachukua ubingwa kwa kuwafunga West Coast Eagles tofauti ya pointi 4 tu, na ujue klabu ile (zamani ikiitwa South Melbourne kabla ya kuhamia Sydney 1982) ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1933. 2006 Brownlow ya pili, safari hii peke yake. Jamaa ana urefu wa zaidi ya sentimita 190 lakini anakimbia kama winga, unamweka katikati, unamweka mbele, unamtuma akaruke kugombea mipira ya juu na majitu marefu kuliko yeye, kote anafanya kazi.

Ila kama unataka kumjua Goodes angalia fainali ya 2012 dhidi ya Hawthorn. Aliumia goti mapema, kano ya ndani ya goti kabisa, sio maumivu ya kupuliziwa dawa ya baridi ukaendelea. Angetoka hakuna ambaye angemlaumu, ana miaka 32 na kila kitu ameshashinda. Akabaki. Unamwona anachechemea, hawezi kugeuka vizuri, mabeki wa Hawthorn wanajua kabisa mguu upi ni mbovu, na robo ya mwisho mechi ikiwa imekaba koo akafunga goli akiwa na goti hilohilo bovu, baadaye Nick Malceski akamaliza kazi na Swans wakashinda kwa pointi 10. Nahodha mwenza wa timu. Huyo ndo mtu ambaye miaka mitatu baadaye watu walikuja kusema ni laini na analialia.

Kuna kitu kingine kilikuwa kinaendelea pembeni ambacho ndo mzizi wa yote. Yeye na rafiki yake wa Swans Michael O'Loughlin walirudi darasani kusoma masomo ya Kiaborijini. Akaanza kujua historia ya watu wake, ya mama yake, akaanza kuongea. 2009 hao hao wawili wakaanzisha taasisi ya GO Foundation, kusomesha watoto wa Kiaborijini. Mpaka hapo kila mtu anampenda. Mtu mzuri, anatoa misaada, anatabasamu.

Tarehe 24 Mei 2013, MCG, ule uwanja mkubwa wa Melbourne, Swans na Collingwood, mechi ya kufungua raundi ya wenyeji asilia. Na ule mwaka ulikuwa wa 20 tangu Nicky Winmar wa St Kilda apandishe jezi pale Victoria Park, Aprili 1993, akaonyesha ngozi ya tumbo lake mashabiki wa Collingwood waliokuwa wanamtukana, ile picha kila Mwaustralia anaijua. Mechi inaelekea ukingoni, Swans wanaongoza, Goodes yuko karibu na mstari, sauti ikatoka jukwaani ikamwita sokwe. Akasimama. Akageuka, akamwona aliyesema, akamwonyesha mlinzi kwa kidole. Kumbe ni msichana wa miaka 13. Akatolewa uwanjani, na Goodes akaondoka kabla wenzake hawajamaliza kushangilia ushindi.

Kesho yake akaongea na waandishi, na hapa naomba watu wamtendee haki maana ndo sehemu inayopotoshwa kuliko zote. Alisema imemuuma sana, lakini akasema kosa sio la yule mtoto, hayo maneno kayatoa kwenye mazingira anayokulia, na akaomba watu wasimwandame bali wamsaidie. Msichana akampigia simu akaomba radhi. Mtu katukanwa usiku, asubuhi anamtetea aliyemtukana. Mi sijui ungetaka afanye nini zaidi.

Alafu siku chache tu baadaye Eddie McGuire, rais wa Collingwood, ambaye usiku ule alikuwa amekwenda mwenyewe chumba cha kubadilishia nguo kumwomba radhi, akiwa hewani redioni akasema Goodes angefaa kutumika kutangaza onyesho la King Kong. Unaelewa? Mtu mzima, kiongozi wa klabu. Akaomba radhi tena, akasema ulimi uliteleza. Ndani ya Collingwood yenyewe kuna mchezaji alimjia juu hadharani, wakati huo akitumia jina la Harry O'Brien, jina lake la kuzaliwa ni Héritier Lumumba, mama Mbrazili, kwa upande wa baba ana damu ya Kongo na Angola. Alikuja kulirudia jina lake la Lumumba mwaka huohuo. McGuire aliendelea na urais mpaka Februari 2021, akajiuzulu baada ya ripoti iliyoagizwa na klabu yenyewe kuonyesha kwamba Collingwood ilikuwa na ubaguzi wa kimfumo, na yeye siku ya kuitangaza ripoti akawa ameibuka kusema ni siku ya kujivunia.

Januari 2014 Goodes akatangazwa Mwaustralia wa Mwaka. Akaitumia ile nafasi kuongelea ubaguzi na kutaka wenyeji asilia watambuliwe kwenye katiba. Na ni kuanzia kipindi hiki zile kelele zikaanza kusikika kila anapogusa mpira, kwanza viwanja viwili vitatu, 2015 ikawa ni wiki hadi wiki.

29 Mei 2015, raundi ya wenyeji asilia tena, SCG, uwanja wa Swans kule Sydney, Swans na Carlton. Goodes akafunga, akakimbia kuelekea walipo mashabiki wa Carlton akacheza ngoma ya vita, miguu inakanyaga chini, mikono inazunguka, akamalizia na ishara ya kurusha mkuki. Mkuki wa hewa jamani, mkononi hana kitu! Akaeleza baadaye kwamba ilikuwa ni kusherehekea utamaduni, alijifunza kwa vijana wa Flying Boomerangs, timu ya wavulana wa Kiaborijini. Raundi yenyewe imeandaliwa kusherehekea utamaduni wa Waaborijini na Muaborijini kasherehekea utamaduni wake, lakini watangazaji wakubwa wakaanza kulalamika kwamba ametisha watu. Kuanzia hapo kelele zikapanda maradufu. Perth mwezi Julai, mechi na West Coast, ikawa mbaya mno kiasi kwamba mwenzake Lewis Jetta, naye Muaborijini, alipofunga akaicheza ile ngoma na yeye, kumwonyesha kaka yake kwamba hayuko peke yake. Ni baada ya mechi hiyo Goodes akaomba kukaa pembeni.

Sasa tuje kwenye visingizio maana vilikuwa vingi na vingine vinasikika vina akili.

Walisema anazomewa kwa sababu anajiangusha kutafuta faulo. Sawa, tuseme kweli, hivi kwenye ligi ya timu 18 ni yeye peke yake anayejiangusha? Wako waliokuwa na sifa hiyo kuliko yeye na hawakufuatwa nchi nzima mpaka na mashabiki wa timu ambazo hazina ugomvi wowote na Swans.

Walisema alimdhalilisha mtoto. Nimeshaeleza alichosema kesho yake. Asiyejua hilo mwaka 2013 tumsamehe, lakini asiyejua 2015 baada ya miaka miwili ya kurudiwa rudiwa huyo hataki kujua.

Walisema ni ile ngoma. Hapa tarehe zenyewe zinawaumbua, kuzomea kulianza kabla ya ngoma. Kitu kilichotokea Mei 2015 hakiwezi kusababisha kelele za 2014.

Alafu kuna hoja waliyoiona ndo kiboko, kwamba Waaborijini kwenye ligi ni wengi tu, karibu mmoja kati ya kila wachezaji kumi, na hao wengine hawazomewi, kwa hiyo ubaguzi uko wapi? Mi naona hoja hii ndo inawakaanga wenyewe. Hao wengine walikuwa wanacheza tu. Goodes alikuwa anacheza na anaongea, amekataa kutukanwa, amesema hadharani nchi ina deni, ametumia tuzo waliyompa wao kuwaambia jambo wasilotaka kusikia. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa wazi, Muaborijini anayefunga magoli karibu, Muaborijini anayejibu kaa kimya. Kama huo sio ubaguzi basi neno halina kazi. Na haihitaji kila aliyezomea awe na chuki moyoni, wengine walifuata mkumbo tu, stendi nzima inapiga kelele na wewe unapiga. Anayezipokea hawezi kuzichuja hizo kelele, hii ya mbaguzi, hii ya mfuata mkumbo.

Hapo ndo narudi kwenye kanuni. Ile ya 1995 ilizaliwa baada ya Michael Long wa Essendon kulalamika kwamba katukanwa na mpinzani uwanjani. Utaratibu ukawa kuna mlalamikaji, kuna mlalamikiwa, kuna usuluhishi, ikishindikana kuna adhabu. Na pale palipo na neno na mtu inafanya kazi, mwaka 2021 Taylor Walker, nyota wa Adelaide Crows, alifungiwa mechi 6 kwa kauli ya kibaguzi kuhusu mchezaji mwingine. Hata yule msichana wa MCG, neno lilisikika, mtu akaonekana, akatolewa ndani ya dakika chache. Lakini watu elfu 30 wakisema "buuu" utamshtaki nani? Kila mmoja anakuambia nimelipa tiketi yangu, kuzomea ni haki ya shabiki, nithibitishie mi nilizomea kwa sababu ya rangi. Ligi ikabaki inapima maneno, inaogopa kuwaudhi mashabiki, na wiki zinapita.

Watetezi wa ligi husema kwamba hakuna ambacho kingefanyika, huwezi kuziba midomo ya umati. Hebu angalieni kilichotokea baada ya Goodes kukaa pembeni. Tarehe 1 Agosti Swans wanacheza na Adelaide SCG, yeye hayupo, na dakika ya 7 ya robo ya tatu uwanja mzima ukasimama kupiga makofi, robo ya 3 dakika ya 7, maana jezi yake ni namba 37. Wikendi hiyo hiyo Richmond wakavaa jezi yao ya Kiaborijini kumuunga mkono. Manahodha, makocha, wanasiasa wakasema waziwazi hiki kitu kikome. Tarehe 8 Agosti akarudi, ugenini kabisa Geelong, na mashabiki wa Geelong wakampokea kwa makofi. Wiki moja! Umati uleule wa nchi ileile. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana, ilihitaji tu wenye mamlaka waseme kwa sauti moja kwamba huu ni ubaguzi, na wangesema Juni au hata 2014 yule mtu asingefika alipofika. Kuzomea hakuna mtu mmoja wa kumshtaki ni kweli, lakini kuna watu wachache sana ambao wakiongea umati unasikia, na hao walichelewa.

Kwenye kikosi cha Swans wakati huo alikuwepo pia kijana Aliir Aliir, wa familia ya Sudan Kusini, amezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, alichukuliwa kwenye drafti ya 2013. Alikuja kucheza mechi yake ya kwanza ya AFL 2016 na 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha msimu. Huwa nafikiria kijana kama huyo alikuwa anajifunza nini kuhusu ligi anayotaka kuingia akimwona mkubwa wao anatendwa vile.

Goodes alimaliza msimu. Septemba 19 Swans wakatolewa na North Melbourne kwenye mchujo, akawaambia wenzake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kwamba basi, imetosha. Mechi 372, rekodi ya klabu, magoli 464. Kuna desturi siku ya fainali kuu wachezaji wanaostaafu wanazungushwa MCG kuagwa na mashabiki, akakataa. Wapo waliomsema kwa hilo, mi naona alikuwa na haki kabisa, hao wa kumuaga ni akina nani kama si walewale?

Mwaka 2019 zikatoka filamu mbili za kumbukumbu kuhusu kisa chake, The Final Quarter na The Australian Dream, na Juni mwaka huo AFL na klabu zote 18 wakaomba radhi rasmi, wakakiri kwamba alifanyiwa ubaguzi na kwamba wao walishindwa kusimama naye. Miaka minne baada ya kustaafu. 2021 wakataka kumwingiza kwenye ukumbi wa magwiji wa mchezo, heshima ambayo wachezaji wanaililia, akawashukuru na akakataa. Mpira kwa ujumla amejiweka nao mbali, nguvu anazipeleka GO Foundation, na zile ufadhili walizoanzisha yeye na O'Loughlin bado zinasomesha watoto.